Swali Alilolikataa Stamili

"Nakuuliza tena, Mama Stamili. Maji hayo umeyachota wapi?"

Mama Sultani alikuwa amesimama upande wake wa ua wa fito, mkono mmoja kiunoni, mwingine umenyooka kuelekea ndoo iliyokuwa karibu na jiko. Mama Stamili hakuinua kichwa. Aliendelea kuchochea moto wa chai, akajibu kwamba maji ni maji, na kwamba kisima cha Bibi Dorika, ambaye watu wazima humwita Mama Safari, kimewanywesha watu wa mtaa huu wa Mnyambe tangu marehemu mumewe alipoezeka bati na kuchimba shimo la kuvunia mvua. Mama Sultani mwenyewe, alimkumbusha, alichota humo wiki nzima alipojifungua.

"Nilichota kwa mtu," alisema Mama Sultani. "Siku hizi sijui nachota kwa nani."

"Ni jirani yako yule yule. Usiwe kama mgeni."

"Usiniulize mimi. Muulize mwanao huyo anayefagia. Yeye ndiye aliyetufumbua macho."

Ufagio wa Stamili ukasimama. Mama yake alimtazama, akaitazama ndoo, kisha, taratibu, akaiinua na kwenda kuyamwaga maji yote nyuma ya nyumba. Hapo ndipo Stamili alipoogopa kweli. Mama yake hakuwa mtu wa kumwaga maji, hasa wakati wa kiangazi, pale juu ya uwanda ambako ndoo moja hutafutwa tangu asubuhi hadi jua la utosi. Kama mama naye alikuwa ameanza kuamini, ni nani aliyebaki?

Mambo yenyewe yalianzia shuleni, tena kwa nia njema kabisa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, magari ya wanunuzi binafsi wa korosho yalipoanza kupandisha kilima cha Newala, na kila njia panda ikaota kibanda cha mitumba na redio kaseti inayolia mpaka betri zife. Mwalimu Getrude, aliyefundisha Kiswahili darasa la sita, aliona watoto wamejaa hadithi vichwani na hawana pa kuzimwaga, akaanzisha kikundi cha waandishi. Walikutana kila Alhamisi baada ya masomo, madawati yamesogezwa yakafanya duara. Mmoja alisoma hadithi yake, wengine wakaichambua kama watu wanavyochambua korosho kabla ya kuzipeleka kwenye mzani, njema huku, mbovu kule.

Mwalimu aliwapa sheria. Anayechambua aanze na kile kilichompendeza, ndipo aseme kinachomkera, na aseme kuhusu hadithi, asimguse mwenye hadithi. Aliyesoma afunge mdomo mpaka wa mwisho amalize. Hakuna kujitetea katikati, hakuna kununa. Sheria hiyo ya kufunga mdomo ndiyo iliyomtesa Stamili. Alikuwa hodari wa kuandika kuliko wote, na ulimi wake haukupenda kungoja zamu.

Sasa, alfajiri moja mwanzoni mwa msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, Stamili alikuwa ametoka kwenda chooni. Ng'ambo ya ua, katikati ya mikorosho ya Bibi Dorika, aliona kitu kinatembea. Kilikuwa na umbo la mtu aliyepinda mgongo, uso umefungwa kitambaa, kinanyanyua mkono mrefu mno kuelekea matawi. Na kutoka juu vumbi lilikuwa likimwagika, la manjano, likatua kichwani, mabegani, mgongoni, mpaka kiumbe kizima kikawa rangi moja na simba. Stamili hakungoja kuona zaidi. Alirudi ndani mbio, akajifunika shuka gubigubi, na kulipokucha hakumwambia mtu wala hakuuliza. Alichukua kalamu.

Hadithi yake ilimhusu bibi kizee anayeoga manjano kila alfajiri, kisha anageuka simba na kushuka bondeni kutafuta nyama. Kule kusini kila mtoto amesikia habari za simba wa kutengenezwa, simba anayetumwa na mtu, kwa hiyo hadithi ilijiandika yenyewe. Bibi wa hadithini alimwita Asiyelala. Lakini alimwachia jicho moja jeupe, nyumba ya bati pembeni mwa mikorosho, kisima cha mvua, na ujane.

Siku ya kuisoma, Mwalimu Getrude alikuwa ameitwa kwenye semina Masasi, akawaambia waendelee wenyewe. Stamili alisoma. Flora alisema nywele zimemsimama. Wengine wakasema hawatakwenda chooni tena gizani. Ndipo zamu ikamfikia Mudathiri, mwana wa fundi baiskeli, ambaye angeweza kuchekesha watu hata msibani.

"Umembadilisha Bibi Dorika jina tu," alisema. "Kanga ni ile ile. Halafu hayo manjano ni ya nini? Yametoka wapi? Au kajipaka bizari? Basi simba wako huyo ni wa pilau."

Darasa zima likaangua kicheko, wengine wakapiga madawati. Stamili alisikia masikio yakipata moto. Sheria ilimtaka anyamaze, naye akasimama.

"Wivu tu," alisema. "Hadithi yako ya sungura ilimlaza hata sungura mwenyewe."

Wakacheka tena, safari hii kwa ajili yake, naye akaketi ameridhika. Swali la Mudathiri likafia humo humo katika kicheko. Mwalimu aliporudi aliuliza kama hadithi imechambuliwa, wakamjibu kwa pamoja kwamba imechambuliwa vizuri. Kwa kuwa siku ya kufunga shule ilikuwa kesho yake na ratiba ilikuwa na pengo, akaikubali bila kuisoma.

Wazazi walijaa siku hiyo mpaka wengine wakakaa madirishani. Stamili alisoma kwa sauti ya kupanda na kushuka, na alipofika mahali pa jicho jeupe, aliona vichwa vinageuka. Kimoja, kisha kingine, kisha benchi zima, vyote vikielekea upande ilipo njia ya kwa Bibi Dorika, ambaye mwenyewe hakuwepo. Alipomaliza walipiga makofi sana. Lakini walipotoka hawakuwa wakicheka kama watu waliotoka kusikiliza hadithi. Walitoka wawili wawili, wakinong'ona.

Juma lililofuata simba alikuja.

Hakuwa wa hadithini. Alikuwa na kucha. Alianza na mbuzi wa watu wa bondeni, akaendelea na mbwa, ambaye mnyororo wake tu ndio ulioonekana asubuhi. Nyayo zilikutwa kwenye njia ya maji, zimekanyaga juu ya nyayo za wanawake waliotangulia. Watu wakaanza kwenda kwa makundi, wakipiga madebe. Kisha kijana Nurdini, aliyekuwa akiswaga mbuzi jioni, alirukiwa karibu kabisa na nyumba za watu. Alipona, lakini bega lake lilichanwa vibaya, wakampakia kwenye gari la mnunuzi wa korosho lililokuwa linashuka na kumwahisha hospitali ya Ndanda.

Usiku huo hakuna aliyezungumzia nyayo. Walizungumzia hadithi. Mtoto hatungi kitu kama hicho kichwani mwake, walisema, mtoto ameona. Mtu mmoja akakumbuka kwamba mikorosho ya Bibi Dorika ilitoa maua mwaka huu kuliko ya jirani zake wote, na tangu mumewe afariki hakuna aliyewahi kuona mashine ya kupulizia salfa ikiingia shambani kwake. Mikorosho isiyopata salfa hupukutisha maua kwa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Hii ya kwake inalishwa nini?

Jibu hakulitoa mtu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kisima cha Bibi Dorika kikakosa wachotaji. Watoto waliokuwa wakimwamkia wakawa wanavuka upande wa pili. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano Jumamosi alasiri. Vijana waliokuwa wakicheza bao kibandani walisema mkutano wa nini, wakati nyasi za jikoni kwa bibi zimekauka na mafuta ya taa yapo. Walisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watu wanaopanga kwenda mnadani.

Ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile ya Ijumaa Mama Stamili alipoyamwaga maji.

Mchana Stamili alimkuta Mudathiri karakanani kwa baba yake, anaziba pancha. Mudathiri hakutania, jambo lililomtisha zaidi.

"Siku ile uliuliza manjano ni ya nini," alisema Stamili.

"Niliuliza na habari za bizari pia."

"Hiyo bizari ndiyo niliyoisikia."

Mudathiri aliushika mpira wa baiskeli bila kuugeuza. Alikiri kwamba siku ile aliona kabisa kwamba watu wangemtambua Bibi Dorika, na alitaka kusema hivyo, ila aliona Flora na wenzake wanangoja kuchekeshwa, akawachekesha. Stamili alisema yeye alijua kabisa kwamba swali lile lilikuwa la maana, maana hakuwa na jibu lake, na ndiyo sababu alikasirika. Mkutano ulikuwa kesho yake.

"Tukamuulize mwenyewe," alisema Mudathiri.

Jumamosi jua lilipokwisha panda, walikwenda. Stamili alikuwa amekaa miaka yote upande wa pili wa ua ule, na sasa miguu ilimwia mizito kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Bibi Dorika alikuwa barazani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini vya msimu wa kiangazi, akiisogeza karibu na jicho lake zima.

"Shikamoo, Bibi," walisema.

"Marahaba. Ni nani hao? Shikamoo zimekuwa adimu siku hizi. Mnaumwa wote kooni?"

Hakuwa na habari. Hilo lilimchoma Stamili kuliko chochote. Alimwambia kwamba alimwona alfajiri moja, katikati ya mikorosho, amekuwa wa manjano, akamuuliza alikuwa akifanya nini.

Bibi Dorika aliweka kisu chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na ufito mrefu wenye soksi kuukuu ya kike iliyofungwa nchani, imevimba, imejaa unga wa manjano.

"Salfa," alisema. "Mashine inataka mwenye uwezo wa kuikodi. Mimi natikisa hii chini ya matawi, alfajiri, umande ungali unashika majani. Ndivyo tulivyofanya zamani kabla hazijaja mashine."

"Na salfa umepata wapi, Bibi?" aliuliza Mudathiri.

Hapo sauti yake ikashuka. Alisema kuna mfanyabiashara mjini Newala ambaye mifuko yake hupasuka ghalani, naye humfagilia ghala na kuruhusiwa kuondoka na kile alichokifagia. Mumewe, Mzee Silvesta, alikuwa mkulima ambaye watu walisimama akipita. Mke wa Silvesta hakutaka aonekane akibeba takataka za ghala la mtu. Kwa hiyo alifanya kazi yake watu wakiwa wamelala.

Stamili alitaka kukimbia. Badala yake alimweleza kila kitu, hadithi, jicho, kisima, makofi, Nurdini, vijana wa kibandani na mafuta yao ya taa. Alieleza akitazama vidole vyake vya miguu. Alipomaliza, Bibi Dorika alikuwa ameshika nguzo ya baraza.

"Mbona hukuniuliza, mjukuu wangu?" alisema. "Ua wenyewe ni huu hapa."

Alasiri watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mwalimu Getrude alikuwa amerudi siku hiyo hiyo kutoka likizo, na Stamili na Mudathiri walimkuta akishuka kwenye gari na mkoba bado uko mkononi. Aliposikia habari, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kumwomba mtoto apewe nafasi ya kusema. Mwenyekiti alisema watu wazima kwanza.

Basi Stamili akasimama pembeni na kusikiliza. Walisema mengi. Mmoja alisema mtoto yule ni shahidi. Mwingine alisema mtoto yule naye achunguzwe, alijuaje mambo ya wachawi? Mama Sultani alisema maneno makali kuliko wote, na Mama Stamili alikuwa amejifunika kanga mpaka puani. Nyuma kabisa walisimama vijana wa kibandani, na mmoja alikuwa na dumu miguuni. Kila sentensi ilimfanya Stamili atake kupaza sauti kwamba si hivyo. Lakini safari hii aliushika ulimi wake kwa meno mpaka wa mwisho alipomaliza, kwa sababu alitaka kusikia hasa ni nini wanachokiogopa. Na alipokwisha kuwasikia wote aliona kwamba kitu chenyewe kilikuwa kimoja. Ni yale manjano.

Alipoitwa alikwenda katikati, begani ana ufito aliopewa na Bibi Dorika. Sauti ilimtoka ndogo. Alisema hadithi ile aliitunga yeye. Alisema alimwona Bibi Dorika kweli, na ya simba aliyaongeza mwenyewe kwa kuwa aliogopa kuuliza, na mwenzake alipomuuliza alimtukana. Kisha akainua ufito juu ya kichwa chake na kuutikisa.

Unga ukamwagika. Ulimtua kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye gauni, mpaka Stamili akawa wa manjano toka utosini hadi miguuni, mbele ya kijiji kizima. Mwanamke mmoja alirudi nyuma hatua moja. Macho yalimwasha Stamili, pua ikamwasha, akapiga chafya, akapiga tena, na tena.

"Jamani," alisema Mudathiri kutoka pembeni, "simba ana mafua."

Mtu mmoja alicheka, kisha watatu, kisha kicheko kikaenea kama maji yaliyopasua tuta. Mama Sultani hakucheka. Alisogea mbele, akachota unga begani kwa Stamili kwa ncha ya kidole, akanusa. Kila mtu pale aliijua harufu ile, ilikuwa kwenye nguo zao wote msimu mzima.

"Salfa," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mama Safari anapulizia mikorosho yake kwa mkono. Mzee kama yule, na sisi tupo."

Kijana mwenye dumu aliliinua, akaondoka nalo bila kumtazama mtu machoni. Si wote waliokubali. Wapo walioondoka kimya kwa kupita njia ya mbali, na wapo waliokuwa wakipita njia hiyo hadi mwaka ule ulipokwisha. Lakini jioni ile mwenyekiti alituma mtu kwa baiskeli kwenda Newala kumwita bwana nyama, yule askari wa wanyamapori, jambo ambalo, kwa kuhangaika na bibi, hakuna aliyekuwa amelifikiria. Bwana nyama alikuja na bunduki yake, akalala bondeni, na siku chache baadaye simba akapatikana. Alikuwa dume zee, mbavu nje, miba ya nungunungu imezama wayoni. Hakuweza tena kukimbiza mnyama wa porini.

Stamili aliiandika hadithi yake upya. Safari hii, kabla ya kuipeleka kwenye kikundi, aliomba ruhusa kwa aliyemwandika. Jumapili ya juma lililofuata, jioni, walikaa barazani kwa Bibi Dorika, Mwalimu Getrude, Mudathiri na yeye. Mama Stamili alikuwa ameshachota ndoo mbili kisimani, na kwa kuwa kuomba msamaha kulimshinda, alikuwa akifagia uwanja usiokuwa mchafu.

Stamili alisoma, akafunga mdomo. Mudathiri alisema alipenda mahali pa umande, na kwamba mwisho umekwenda mbio mno. Bibi Dorika alisema amefurahi, ila humo ndani amezeeka kupita kiasi, na Mzee Silvesta hakuwahi kuvaa kofia ile. Stamili aliandika yote pembeni mwa karatasi. Alipoanza kufungua kinywa kueleza habari za kofia, alijikumbusha, akakifumba.

Mwalimu Getrude aliwangoja mpaka wa mwisho amalize. Kisha akasema, "Mudathiri, ulikuwa na neno la kumwokoa mtu, ukalifunga ndani ya mzaha, na mzaha ndio uliofika. Ukitaka mwenzako apokee unachompa, mpe kwa namna inayopokeleka. Na wewe, Stamili, ulisikia kicheko ukalitupa neno pamoja nacho. Hata anayekuudhi anaweza kuwa ameona shimo mbele yako. Ngoja amalize, chambua alichosema, chukua kilicho chema. Mimi nami niliambiwa hadithi imechambuliwa nikaridhika, nisiisome. Tulikuwa watatu tuliokaribia kuichoma nyumba hii, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshika kiberiti."

Giza lilikuwa linaingia kwenye mikorosho, na kutoka mbali, upande wa bondeni, mtu aliyechelewa njiani alikuwa bado akipiga debe, kwa mazoea. Walimsikiliza mpaka sauti ikafika kwenye nyumba na kunyamaza.

Ndipo fito za ua zikasukumwa, na Mama Sultani akapenyeza kichwa. Hakuwatazama watoto wala mwalimu. Alimtazama Bibi Dorika, akashindwa, akatazama chini.

"Mama Safari," alisema. "Nimesonga ugali wa muhogo, na mbaazi nimezitia nazi. Sufuria ni kubwa, na nyumba imejaa, lakini mkekani nimekuachia nafasi. Njoo na wageni wako wote. Ingieni ndani tule."